Huruma Isiyofuta Deni: Namna ya Kumsamehe Ndugu Aliyekula Fedha Zako

Umetuma fedha za ujenzi kwa miaka miwili. Kila mwezi mdogo wako alikupigia: saruji imepanda bei, dada, fundi anadai, tumefika kwenye lenta, bado kupaua. Ukaenda likizo, ukafika kiwanjani, ukakuta msingi ulioota majani na rundo la tofali zilizomomonyoka kwa mvua. Ndugu wengine walijua. Hakuna aliyekuambia.

Mwongozo huu ni wako, au wa yeyote aliyefanyiwa jambo la namna hiyo: mjomba aliuza shamba la marehemu baba yenu, binamu alikukopa mtaji akahama mji, shemeji alichukua gari akarudisha vyuma. Nimechagua makosa ya ndugu na fedha kwa sababu yanavunja familia nyingi kwetu, na kwa sababu mkosaji wa aina hii haondoki maishani mwako. Utakutana naye kwenye harusi, kwenye arobaini, kwenye kikao cha ukoo, na watoto wako watamwita baba mdogo.

Shika jambo moja kabla ya hatua zenyewe. Huruma ndiyo inayoulainisha moyo mpaka msamaha uwezekane, lakini zamu yake ni baada ya kosa kutajwa kwa ukubwa wake wote. Ukiitanguliza, utakuwa unajinyamazisha tu, na donge litabaki pale pale.

KABLA HUJAENDELEA

Ikiwa mtu huyo bado anakupiga, anakutishia au anamdhuru mtoto, weka mwongozo huu kando. Anza na usalama.

- Tanzania: nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ukiwa umejeruhiwa, chukua fomu ya PF3. Kwa Kenya fomu ni P3, na simu ya kuripoti ukatili wa kijinsia ni 1195. Kwa mtoto, namba ni 116 katika nchi zote mbili.
- Aliyebakwa afike hospitali mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Asioge wala asifue nguo kwanza.
- Mzee, shehe au mchungaji akikutaka usamehe ili kesi ifutwe, hulazimiki kumtii. Unaweza kusamehe moyoni na kesi ikaendelea mahakamani.

Kwa nini huruma, na si uamuzi tu?

Wengi wetu tumewahi kusema "nimesamehe" na kumaanisha. Hatukulipiza, hatukumtangaza mtu. Lakini jina lake likitajwa, tumbo linakaza. Watafiti wa saikolojia wanatenganisha mambo hayo mawili: kuna msamaha wa uamuzi, ambao unaweza kuutoa leo, na kuna msamaha wa hisia, ambao huchukua muda. Huruma inafanya kazi kwenye huo wa pili. Chuki haiondoki kwa kuamriwa iondoke. Inahitaji kitu kingine kiingie taratibu mahali pake.

Everett Worthington, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa ameshautafiti msamaha kwa miaka kadhaa wakati mama yake alipouawa na mtu aliyevunja nyumba kuiba, huko Knoxville, Tennessee, usiku wa kuamkia mwaka 1996. Kwa hasira alitamani kumponda muuaji kwa gongo la besiboli. Kisha akajilazimisha kuutazama usiku ule kwa macho ya mvunjaji: nyumba ina giza, nje hakuna gari, bila shaka wenyewe wameenda kusherehekea, ghafla mwanamke anatokea, naye mwizi anaingiwa na woga na ghadhabu. Worthington hakuona udhuru wowote katika picha hiyo. Aliona mtu. Akaona pia kwamba yeye mwenyewe, msomi na mcha Mungu, alikuwa ametamani kuua.

Njia anayoifundisha ina hatua tano: kulikumbuka kosa, kumwelewa mkosaji, kutoa msamaha kama zawadi, kujifunga na uamuzi huo, na kuushikilia mashaka yanaporudi. Kitabu cha mazoezi kilichojengwa juu ya hatua hizo kilijaribiwa kwa watu zaidi ya 4,500 huko Kolombia, Afrika Kusini, Indonesia, Ukraine na Hong Kong. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa waliokitumia walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko wale waliokuwa bado wanasubiri zamu yao.

Usitarajie haraka, hata hivyo. Mwaka 1996 Suzanne Freedman na Robert Enright walichapisha utafiti juu ya wanawake 12 waliokuwa wamedhulumiwa kingono na ndugu zao utotoni. Kila mmoja alisaidiwa peke yake, wiki kwa wiki, mpaka akafikia msamaha. Kwa wastani ilichukua takriban miezi 14. Kosa la fedha si sawa na dhuluma ile, lakini kumbuka idadi hiyo ya miezi kila atakapotokea ndugu wa kukuuliza, wiki ya pili, kwa nini bado umenuna.

Hatua ya 1: Lipime kosa kwa maandishi

Chukua daftari. Andika kilichotokea kama ungekuwa unatoa ushahidi, bila matusi na bila kupunguza. Kisha orodhesha hasara:

- Fedha: kiasi gani, tarehe zipi. Pitia miamala ya simu na taarifa za benki, usikisie.
- Muda: zamu za ziada ulizofanya, likizo ulizoziacha.
- Mipango: mama alipaswa kuhamia nyumba ile, sasa bado anapanga chumba.
- Imani: maneno yapi hasa yalikuwa ya uongo. Andika maneno yenyewe.

Katika hatua hii mtu atakuambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri kwa watu waliokwisha kuelewana yaliyopita ni yapi. Ikisemwa kabla ya hapo, inamlinda aliyekosa na kumwachia aliyekosewa kazi yote. Jibu kwa upole kwamba utafika huko, na uendelee kuandika.

Hatua ya 2: Jihurumie wewe kwanza

Aliyetapeliwa na ndugu mara nyingi huona aibu kuliko hasira. Nilikuwaje mjinga hivi? Kwa nini sikuomba risiti? Andika sentensi ya ukali unayojiambia mara nyingi, kisha ijibu kama ambavyo ungemjibu rafiki yako mpenzi aliyekuja kukusimulia jambo lile lile. Ulimwamini mtoto wa mama yako. Kumwamini ndugu si kosa, na wala hakumpi yeye haki ya kukudanganya.

Mwili nao unadai. Kama hulali, huli au unalia kila siku kwa wiki kadhaa, ongea na mshauri nasaha au mhudumu wa afya kabla ya hatua ya tatu, maana hiyo inahitaji nguvu.

Hatua ya 3: Mtazame mkosaji akiwa mzima

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nakuomba usiruke. Hasira humkata mtu akabaki na sura moja tu: mwizi. Huruma inazirudisha sura nyingine bila kuiondoa hiyo. Tafuta saa moja ya utulivu, ujibu maswali haya kwa kadiri unavyojua, si kwa kubuni:

1. Fedha ya kwanza aliyoigusa, aliigusa katika hali gani? Mara nyingi mtu haanzi kwa kupanga kula zote. Anachukua kidogo kumlipa mwenye duka, akijiapia kuirudisha mwisho wa mwezi. Mwezi unaisha. Uongo wa kwanza unazaa wa pili, na kufikia mwezi wa tano ukweli umeshakuwa mzito kuliko anavyoweza kuusema.
2. Nani alikuwa anamdai? Kulikuwa na kamari, pombe, mtoto mgonjwa, mke aliyetishia kuondoka?
3. Alikuwa na nafasi gani katika familia? Swali hili lina uzito wake. Mara nyingi aliyeshika fedha za ujenzi ndiye aliyebaki nyumbani: anampeleka baba kliniki, anaamka usiku mama akiumwa, hana mshahara, na kila Krismasi au Idi anasikia sifa za wewe uliyefanikiwa. Mamilioni yanapita mikononi mwake kwenda kwenye nyumba isiyo yake. Mtu huyo alikuwa na haki ya kukuambia "dada, nimechoka, nilipe." Hakusema, akachukua. Kuchukua kulikuwa dhuluma, na kuchoka kulikuwa kweli pia.
4. Mimi mwenyewe, nimewahi kushika amana ya mtu nikaitumia, hata kwa siku tatu?

Sasa andika ukurasa mmoja kwa sauti yake, ukianza: "Mimi, mdogo wako…" Mwache aeleze jinsi ilivyokuwa. Ukimaliza, upime ukurasa huo kwa vipimo viwili. Cha kwanza: angeusoma, angesema "ndiyo, ndivyo ilivyokuwa"? Kama hapana, umeandika hukumu yako kwa mwandiko wake. Cha pili: ukurasa unasema wazi "nilikudanganya"? Kama hausemi, umemwandikia utetezi. Andika tena mpaka vyote viwili vitimie. Usimtumie, ukurasa huo ni wako.

Huruma isipokuja usiigize. Punguza lengo: tafuta kumbukumbu moja tu ya kweli, siku alipokubeba mgongoni kuvuka mto, au alipokutetea shuleni. Kama unasali, mtaje kwa jina katika dua, hata kama dua yenyewe ni fupi na ya kinyongo. Au funga daftari, urudi baada ya mwezi.

*Huruma ya kweli au ya bandia? Jikague:*

- Naweza kumhurumia na bado nikasema "hapana"? 
- Naweza kusema kwa sauti kiasi alichochukua bila kutetemeka au kukipunguza?
- Nafanya hivi kwa hiari, au namwogopa mama, ukoo, maneno ya watu?
- Najiona mwema kuliko yeye ninapomhurumia? Kama ndiyo, hiyo ni dharau iliyovaa kanzu nzuri.

Hatua ya 4: Amua

Andika: "Leo, tarehe fulani, nimemsamehe fulani kwa jambo fulani. Sitalipiza. Sitalitumia jambo hili kumdhalilisha." Tia saini. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, ili siku ukiyumba akukumbushe.

Hatua ya 5: Liweke deni mahali pake

Wengi hukwama hapa kwa kudhani kwamba kusamehe kosa ni kusamehe deni. Ni maamuzi mawili. Waislamu wanaweza kufungua Surat Al-Baqara: aya ya 280 inahimiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na aya mbili mbele yake, ya 282, inahimiza deni liandikwe na liwe na mashahidi. Huruma na karatasi zimekaa jirani.

Chagua moja:

- *Kudai lote kwa awamu.* Andikeni kiasi, tarehe za kulipa na njia ya kulipa. Sahihi zenu wote wawili na za mashahidi wawili. Panga kiasi ambacho kipato chake kinaweza kukimudu kweli. Mkataba usiotekelezeka ni ugomvi ulioahirishwa.
- *Kupunguza.* Sema kiasi ulichomwachia na kilichobaki, na viandikwe vyote.
- *Kufuta lote.* Futa ikiwa unaweza kuishi bila fedha hizo na bila kuzikumbusha. Ukijijua kwamba utamkumbusha kila mkigombana, usifute.

Onyo la kisheria: msamaha hausimamishi saa ya mahakama. Kwa Tanzania na Kenya, madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na ya ardhi miaka 12. Ukihisi kwamba huenda ukaenda mahakamani, muone mwanasheria au kituo cha msaada wa sheria mapema. Unaweza kuendelea na kazi ya moyo sambamba.

Kisha kuna watoto wake. Huenda ulikuwa unawalipia ada, na sasa mkono unataka kukata. Abubakar, swahaba wa Mtume, alikuwa akimsaidia jamaa yake maskini aitwaye Mistah. Mistah akashiriki kueneza uzushi dhidi ya Bibi Aisha, binti wa Abubakar. Abubakar akaapa kumkatia msaada, ikateremka aya ya 22 ya Surat An-Nur, naye akaurudisha. Kosa la Mistah halikugeuzwa kuwa dogo. Ila mkate wake haukufanywa adhabu. Maoni yangu ni hayo hayo kwa ada: ilipe moja kwa moja shuleni, isipite kwa baba yao.

Hatua ya 6: Zungumza naye

Si lazima. Ukichagua kuzungumza, usifanye kwa ujumbe wa sauti usiku wa manane wala kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mkutane ana kwa ana, mchana, kwa saa moja. Mkihitaji msuluhishi, chagueni mtu anayeheshimiwa na pande zote na ambaye hakufaidi fedha hizo. Msimtumie mama. Atalia, nanyi mtakatisha mazungumzo ili anyamaze, na jambo litabaki bila kusemwa.

Maneno yanaweza kuwa hivi:

"Mdogo wangu, nimekuja tuzungumze, sikuja kugombana. Nilituma milioni kumi na nane, miamala ni hii hapa. Nyumba haipo. Uliniambia lenta imefungwa, na haikuwa kweli. Uongo huo umeniuma kuliko hela. Nimekusamehe, sitakulipizia. Deni lipo, na nataka tupange utakavyolilipa. Kwanza niambie, ilikuwaje?"

Huenda akajibu: "Dada, shetani tu alinipitia."

"Tumwache shetani. Niambie wewe."

Kisha nyamaza. Mwache aongee mpaka amalize, hata akizunguka. Katika yale maswali ya hatua ya tatu, hata kama hukubuni, utakuwa umekisia baadhi. Sasa utasikia uliyoyakosea. Akianza kukulaumu, mwambie: "Hilo nalo tutalizungumza, lakini tumalize hili kwanza." Usimtake apige magoti mbele ya ukoo. Aliyevuliwa nguo hadharani hutafuta uongo mwingine wa kujifunika.

Hatua ya 7: Imani irudi kwa vipimo

Katika Kitabu cha Mwanzo, ndugu waliomuuza Yusufu walipokwenda Misri kununua nafaka, aliwatambua, akajitenga akalia. Huruma ilikuwepo tangu safari ya kwanza, na nafaka aliwapa. Lakini hakujitambulisha. Aliwajaribu, mpaka akaagiza kikombe chake kifichwe kwenye gunia la Benyamini, mdogo wao wa mwisho, na hapo Yuda, ambaye zamani alitoa shauri Yusufu auzwe, akajitolea abaki mtumwa badala ya mdogo wao. Ndipo Yusufu akasema yeye ni nani.

Kwa hiyo usimkabidhi tena ujenzi eti kwa sababu umemsamehe. Lipa duka la vifaa moja kwa moja. Mlipe fundi kwa hatua: msingi ukiisha, kuta zikiisha, baada ya kuona kwa simu ya video. Ukitaka kumpima mdogo wako, mpe jambo dogo lenye risiti, uone. Na una ruhusa ya kumsamehe kabisa, kula naye Idi, na usimtumie fedha tena maishani.

Makosa yanayorudiwa sana

- Kumwambia "nimekusamehe" mtu ambaye hajui au hakubali kwamba amekosa. Atauona ni usumbufu, nawe utaumia upya. Msamehe kimya.
- Kuusimulia uovu wake kila msibani "ili wengine wajihadhari". Mwenye haki ya kuonywa mwambie faraghani, mara moja.
- Kusubiri aombe radhi ndipo uanze. Akifanya hivyo ni heri. Asipofanya, kinyongo kinakulia usingizi wewe.
- Kuwalazimisha mumeo au watoto wako wamsamehe kwa ratiba yako. Nao walikosa nyumba.

Hasira ikirudi

Itarudi: siku ya kodi, siku utakayopita mbele ya nyumba ya jirani iliyokamilika. Hiyo haimaanishi kwamba msamaha ulikuwa wa uongo. Soma ile karatasi ya hatua ya nne, soma ukurasa ulioandika kwa sauti yake, kisha fanya kazi ya mikono kwa nusu saa kabla ya kushika simu. Ikirudi kwa sababu amefanya kosa jipya, ni jambo jingine: rudi hatua ya kwanza kwa kosa hilo.

Akifariki kabla hamjaelewana

Katika maziko mengi kwetu hutangazwa kwamba anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia. Amua mapema, ukiwa umetulia, utafanya nini siku hiyo, maana pale makaburini hutakuwa na akili ya kuamua. Ukidai, usisimame mbele ya watu. Nenda kwa msimamizi wa mirathi na karatasi zako, baada ya siku chache. Ukisamehe deni, liseme wazi kwa mjane na wanawe mbele ya shahidi mmoja, wasije wakaishi wakiogopa utakuja kuchukua kiwanja. Na hatua ya tatu bado unaweza kuifanya: uandike ule ukurasa, kisha uketi na mtu aliyemjua vizuri, umuulize ilikuwaje kwake miaka ile.